Kisanduku Chekundu Katika Fomula ya Tonton

Kisangani, Kabondo, tarehe 15 Januari 2024

Chimène binti yangu,

Sisi tuko, na tukiwa tuko ndiyo habari yenyewe. Tantine wako Claudine anasumbuliwa na goti, lakini ukimwambia apumzike anakuuliza ni nani atakayenitwangia majani ya pondu. Mvua imekula kipande cha barabara mbele ya nyumba, na watu wa toleka wanakushusha na mizigo yako hapo kwenye kona, baiskeli zao hazitaki tope. Mama yako Émilie alituma salamu kutoka Bafwasende kwa dereva wa lori. Anasema mihogo imekubali mwaka huu.

Bon. Uliniomba fomula yangu ya kutafutia makala, ile ndefu kuliko zote. Nimeinakili kwa mkono, ukurasa mmoja na nusu. Ni ile ya nyoka, ninayomfanyia Daktari Marthe. Anakusanya kila makala iliyowahi kuandikwa juu ya watu walioumwa na nyoka katika jimbo letu, na mwisho wa Juni ripoti yake itakwenda kwa wale wanaoamua ni vituo gani vya afya vitapewa sérum, dawa ya sumu. Maneno mia moja na kumi na saba, na katikati yao ET ya kuunganisha, OU ya kuchagua na SAUF ya kukataa, na mabano sitini na mawili. Hesabu mabano kama huniamini. Nimeijenga tangu 2006, neno kwa neno, na hapa kwenye kituo cha utafiti hakuna mwingine anayeweza kuisoma mpaka mwisho bila kuumwa kichwa.

Unasema wewe na wenzako huko Kinshasa mmetengeneza kitu ambacho mtafiti haandiki tena fomula, anapanga visanduku kwenye kioo cha ordinateur, kompyuta. Eti anaona kwa macho. Chimène, miaka thelathini watafiti wananiletea swali bichi nami ninawapikia. Sasa mnataka kila mtu ajipikie kwa picha, kama watoto wadogo wa shule ya maternelle? Haya, iweke fomula yangu humo. Ikiwashinda, mniambie nicheke.

Na usinipigie simu juu ya jambo hili. Kwenye simu unaongea mbio. Andika. Maman Sandrine anashuka na boti, atakupa hii mkononi.

Tonton wako,
Timothée


Kinshasa, tarehe 2 Machi 2024

Kwa Tonton mwenye mabano sitini na mawili,

Barua yako ilikaa wiki tano majini. Boti ya Maman Sandrine ilikwama kwenye mchanga, abiria wakala akiba yote ya samaki, lakini karatasi zako hazikulowa. Mimi ni mzima. Joto la huku unalijua. Mwambie Tantine asugue goti kwa mafuta ya mawese yenye joto na aache ubishi.

Fomula yako haikutushinda, Tonton. Imependeza mpaka nikaona fahari. Kila neno lako limekuwa kisanduku. Yanayosaidiana, kama nyoka, fira na kifutu, yanakaa kando kwa kando. Yanayopaswa kukutana yanakaa moja juu ya jingine. Pembeni kuna duara linalokua au kusinyaa kadiri makala zinavyoongezeka au kupungua, pamoja na orodha ya vituo vya afya na idadi ya watu walioumwa. Ukivuta kisanduku nje kwa kidole, hesabu inabadilika hapo hapo. Vile vya kukataa, SAUF zako, tumevipaka rangi nyekundu.

Vyekundu ni vinne. Vitatu nimevielewa: usilete ng'ombe na mbuzi, usilete nyoka wa maonyesho, usilete hadithi. Cha nne kimeandikwa: SAUF, mwandishi Sumaili C.

Tonton, Sumaili C. ni Papa, ndugu yako.

Kwanza nilicheka. Nikamwambia Merdi, mwenzangu wa kazi, kwamba mashine yetu ina malaria. Tukaingiza fomula yote upya, bano kwa bano. Kisanduku kikiwa ndani, Bafwasende ni sifuri. Nikikivuta nje, zinatokea makala sita, miaka kumi na moja, watu mia tatu na kumi na wawili walioumwa na nyoka. Ni zile hesabu za Papa alipokuwa infirmier, muuguzi wa kituo cha kule, alizozifanya mwenyewe kwa kalamu mpaka alipostaafu. Zote sita zinazuiwa na kisanduku kimoja.

Nadhani ni kosa. Labda siku moja ulikuwa unajaribu kitu ukasahau kukitoa. Ndugu yako amekufa tangu 2019, hawezi kukuuliza, ndiyo maana ninauliza mimi. Niambie tu ni kosa, nikirekebishe, tusahau.

Ninayekupenda,
Chimène


Kisangani, tarehe 20 Machi 2024

Chimène,

Barua yako ilikuja na ndege, kwa mkono wa padri mmoja, kwa hiyo ilikimbia. Goti la Tantine linaendelea, mawese yake tumeyala na lituma ya ndizi. Umeme tunauona siku mbili kwa wiki, nasi tunafanya kazi siku hizo mbili kama wendawazimu.

Nimesoma maelezo ya ubao wenu wa visanduku. Si mbaya kwa wanaoanza. Lakini nilikupa fomula uijaribu, sikukupa ruhusa ya kuipekua. Mkubwa akikuazima koti lake, unalivaa. Huanzi kupindua mifuko na kumuuliza hiki ni nini, hiki ni cha nani. Fomula ina sababu zake. Kuna makala zenye uzito na kuna makala za bulletin, vijarida vya madaktari ambavyo hata karatasi yake inachanika ukiigusa. Kazi yangu ni kuchagua.

Daktari Marthe anapokea fomula yenye saini yangu tu, na nimeshaisaini. Mtachora visanduku mpaka mjaze mji mzima wa Kinshasa, saini ni yangu.

Mvua bado. Jirani yetu amemwoza binti yake wa pili, tulikula vizuri.

Timothée


Kinshasa, tarehe 9 Aprili 2024

Kwa Bwana Timothée, mkuu wa chumba cha nyaraka,

Ninaamini hamjambo. Mimi sijambo. Salamu zimekwisha.

Hukusema ni kosa. Nimesoma barua yako mara nne nikitafuta neno hilo, halimo. Umeniandikia koti, umeniandikia mvua, umeniandikia harusi ya jirani. Harusi! Kwa hiyo ulikiweka mwenyewe, kwa akili zako timamu, na kila mwaka ukakiacha palepale.

Sasa ngoja nikuambie kitu. Kila Desemba Papa alikuwa anapanda lori mpaka Kisangani kununua dawa za kituo. Akifika mjini anapita kwa watu wa chuo kikuu na kuwauliza kama kuna mtu aliyesoma makala zake. Hakuna. Mmoja alimjibu mbele yangu: "Papa, tulitafuta Bafwasende kwa ile liste ya Papa Timothée, hakuna kitu iko." Hakuna kitu iko! Usiku ule Papa hakula. Aliniambia, "Chimène, labda sikuandika muzuri." Wiki aliyokufa alisema hivyo tena, Tonton. Alikufa akifikiri kwamba hajui kuandika, na kumbe kaka yake ndiye aliyekaa mlangoni akizuia.

Ungekuwa unamdhuru yeye tu ningekuchukia basi, yangekwisha. Lakini ripoti ikitoka na sifuri, watu watasema Bafwasende hakuna nyoka, na sérum itakwenda kwingine. Mama ameniambia, mwezi uliopita mwanamke aliumwa kwenye shamba la karanga. Wakambeba kwa pikipiki kuja Kisangani. Hakufika. Amewaacha watoto wanne. Na wewe unaniambia juu ya karatasi inayochanika?

Nyumba yako inajua mtu anavyokufa kwa sumu ya nyoka. Benie alikufa kule, Agosti 2005, wakati wa likizo. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, yeye kumi na mmoja, tulilala kitanda kimoja. Nilimwona akivimba. Nilisikia Papa akipiga ukuta kwa ngumi kwa sababu kabati la dawa lilikuwa tupu. Wewe, baba yake Benie, wewe ndiye unayeficha hesabu za nyoka wa Bafwasende! Aibu gani hii?

Kitoe kile kisanduku. Ningeweza kumwandikia Daktari Marthe mwenyewe, lakini nataka uanze wewe, kwa mkono ule ule uliokiweka.

Chimène, binti ya Sumaili C.


Kisangani, tarehe 6 Mei 2024

Chimène,

Wote wazima.

Umelitaja jina la binti yangu. Katika nyumba hii halitajwi. Tantine wako alinikuta nimeshika barua yako akaniuliza nani amekufa, nikamwambia hakuna.

Unataka kujua, sasa jua. Nilimtuma mtoto wangu kwa ndugu yangu. Sikumtuma kwa watu. Kwetu, tangu kwa wazee wetu wa Maniema, mtoto wangu akiingia kwa ndugu yangu ameingia kwa baba yake. Hapigi hodi, haulizi atalala wapi, akikosea anachapwa, akifa wote wawili tunanyoa nywele. Alikufa. Nilikwenda, tulimzika, nilimkumbatia baba yako Célestin, sikumlaumu hata kwa neno moja. Muulize mama yako.

Mwaka uliofuata, mtafiti mmoja aliniomba nimtafutie makala juu ya nyoka. Nikaandika maneno matatu, makala ya Célestin ikatokea, ya kwanza kabisa. Nikafurahi! Ndugu yangu ameandika! Nikafungua. Wewe unazo zote sita, unaringa nazo, lakini najua umehesabu tu, hukusoma. Fungua ile ya kwanza, ukurasa wa pili. Kisa cha kwanza: msichana, miaka 11, mgeni.

Mgeni. Alimzika kwenye uwanja wake, akampa namba, akamwita mgeni. Kama mpita njia aliyeshuka kwenye lori kuomba maji. Nilisoma neno hilo ofisini, watu wakinitazama, mtafiti akinisubiri na daftari lake mkononi.

Nilifunga fomula palepale ili ukurasa ule usinitokee tena. Sitafungua. Daktari Marthe ana saini yangu. Mwandikie ukitaka.

T.


Kinshasa, tarehe 1 Juni 2024

Tonton,

Ninakuuliza habari za Tantine kwa sababu ninataka kuzijua kweli. Hapa tuko wazima.

Nilifungua ukurasa wa pili. Ulisema kweli, nilikuwa nimehesabu tu. Nilisoma neno lile nikalia, halafu nikakasirika, na safari hii nilimkasirikia Papa. Nikampigia Mama, nikamuuliza alithubutuje. Mama akasema, "Ngoja, niko na daftari yake."

Sikuwa najua kwamba daftari lile bado lipo. Ni lile alilokuwa anaandika kituoni, kabla hajapeleka makala popote. Mama amepiga picha ukurasa wa kwanza kwa simu ya jirani, mimi nimeichapisha, imo ndani ya bahasha hii. Mstari wa kwanza umeandikwa kwa mkono wake: Benie, miaka 11, mtoto wangu.

Pamoja na daftari kulikuwa na barua za wale wa bulletin. Walirudisha makala yake mara mbili. Karatasi yao ilikuwa na sehemu mbili tu za kuchagua: mwenyeji, yaani aliyekaa pale miezi sita, au mgeni. Papa aliwaandikia kwamba mtoto huyu ni wake. Wakamjibu kwamba mtoto wake angekuwa mwenyeji, na yeye mwenyewe ameeleza kwamba alikuja siku tisa tu kabla, kwa hiyo achague, na majina hayaruhusiwi. Nafikiri alitaka nyoka wajulikane, Tonton. Alichagua neno lao ili mengine yote yapite.

Alichagua vibaya. Alipaswa kuja Kabondo, aketi mbele yako, akuambie kwa mdomo kabla hujasoma. Hakuja. Nyinyi wawili! Tumbo moja, mji na mji, na lori linapita kila wiki, lakini mmoja anaona haya na mwingine ananuna, mpaka mmoja anakufa. Nina hasira nanyi wote wawili, lakini wewe ndiye uliye hai, kwa hiyo utanisikiliza wewe.

Baada ya Benie walikufa watu arobaini na mmoja. Nimewasoma mmoja mmoja safari hii. Kisa cha tisini ni mama mwenye mimba. Kisa cha mia mbili na nne ni mwalimu. Wote hao uliwafunga pamoja na neno moja lililokuumiza. Nilikuwa sijui kwamba limekuumiza, na pole, ninasema pole kwa moyo. Lakini watu wa Bafwasende hawakulisema wao.

Daktari Marthe bado sijamwandikia. Leo nimempa Merdi ubao wetu kwenye flashi ya USB, anapanda ndege kuja kwenu, atakaa wiki tatu. Ripoti inafungwa tarehe 30.

Tazama picha. Halafu saini upya.

Chimène


Kisangani, Kabondo, tarehe 29 Juni 2024

Chimène binti yetu,

Tantine wako anatembea vizuri. Mimi niko hai. Mengine nitakuambia kwa mpangilio, kwa sababu nikiruka nitanyamaza tena.

Merdi alileta bahasha siku ya tarehe 10. Niliisoma, nikaiweka picha chini ya godoro, nikakaa nayo siku kumi na moja. Andika hizo pia kwenye hesabu yangu. Claudine ndiye aliyeiona akitandika. Alisoma mstari wa kwanza, akaketi chini. Nilidhani atalia. Akaniambia: "Célestin alilia kupita wewe ile siku ya kuzika. Mimi nilimuona nyuma ya kituo. Na wewe hukuniuliza kitu, miaka yote." Kweli sikumuuliza. Hata sababu ya kutokwenda kwenye matanga ya ndugu yangu nilimdanganya kwamba ni kazi.

Tarehe 24 nilimwomba Daktari Marthe aite watafiti wake wote. Umeme ulikuwepo. Merdi akamulika ubao wenu ukutani, fomula yangu yote ikasimama pale, rangi kwa rangi. Ninakuambia bila kupenda: ni kazi nzuri. Hata mtu asiyejua ET na SAUF alikuwa anaona. Israël, kijana mmoja wa utafiti ambaye haniulizi kitu kamwe, alinyoosha kidole moja kwa moja kwenye chekundu cha nne. "Papa Timothée, huyu Sumaili C. ni nani?"

Nikasema: ni mdogo wangu, tumbo moja. Nimemzuia mimi, tangu 2006, kwa kukusudia. Sikukosea.

Halafu nikakishika kisanduku na kukivuta nje mwenyewe. Sifuri ya Bafwasende ikawa mia tatu na kumi na mbili. Duara lilikua mpaka likagusa dirisha. Israël akauliza, taratibu sana, ni ripoti ngapi zimetoka na fomula hii. Nikamwambia tatu. Daktari Marthe akawatoa wote nje, akanifokea kama mtoto. Ananitoa kwenye kazi ya kutafuta kuanzia Julai. Ana haki. Alinikalisha nisaini fomula mpya mbele yake, nikasaini. Leo ripoti imekwenda, Bafwasende imo, na makala zote sita ziko chini ya jina la Célestin. Sérum yenyewe hatujui itafika lini, usimwahidi mama yako.

Nilimsomea Daktari Marthe pia kisa cha kwanza. Akaniuliza kama nina uthibitisho wowote juu ya kisa hicho, maana maelezo ni machache. Nikamwambia mimi ni baba yake. Akaandika.

Kuna jambo nililigundua nikiwa nimesimama pale ukutani. Mwaka ule wa 2006 niliapa kwamba jina la Célestin halitapita tena kinywani mwangu wala mkononi mwangu. Na ili kumzuia, kila utafutaji mpya nililazimika kuliandika. Asubuhi, mchana, kwa kila mtafiti aliyekuja na swali la nyoka. Hakuna jina nililoandika mara nyingi kuliko hilo maishani mwangu, hata la Benie.

Hukuniomba nikuombe msamaha, na mimi siombi. Endelea kunikasirikia, ni haki yako. Nami bado ninamkasirikia yeye. Neno lile halikuwa lake, na alikaa miaka kumi na mitatu akilijua hilo, hakuja kuniambia. Jumanne ninapanda lori kwenda Bafwasende, Claudine anakuja nami. Kama ningemkuta hai ningempiga kofi moja mlangoni, na yeye angenirudishia mawili, na mama yako angetutenganisha akitutukana sote. Sasa nitafika pale na mkono wangu, sina wa kumpiga.

Baba yako,
Timothée